Maswali ya Kuazima, Kazi ya Mwalimu

Mazungumzo yetu leo yanahusu zoezi la hisabati, na hasa lile zoezi ambalo mwanafunzi wa chuo hulifungua kwenye simu au kompyuta usiku, akajaza majibu yake, na mashine ikamwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Kuna watu wanaolishangilia zoezi la namna hiyo kana kwamba mwalimu sasa anaweza kupumzika, na kuna wanaolibeza kana kwamba ni mchezo wa watoto. Nadhani pande zote mbili zinaangalia mashine na kumsahau mtu aliyekaa nyuma yake, yule aliyeamua kwamba wanafunzi hawa, wiki hii, wajibu maswali haya na si mengine. Mtu huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 300, na darasa la ukubwa huo si la ajabu katika vyuo vikuu vyetu. Mhadhiri akitoa maswali 10 kwa wiki, anarudishiwa majibu 3,000. Akitumia nusu dakika tu kwa kila jibu, hizo ni dakika 1,500, yaani saa 25 za kusahihisha, kila wiki, kwa kozi moja. Hakuna anayefanya hivyo, na hatuna haki ya kumlaumu. Kinachotokea ni kwamba zoezi halitolewi kabisa, au linatolewa lisisahihishwe, au linarudi baada ya mwezi, wakati mwanafunzi ameshasahau alikuwa anafikiria nini alipoandika. Kwa somo kama hisabati, ambalo kosa la Jumatatu linazaa kosa jingine Jumatano, mwezi ni muda mrefu mno. Ndiyo maana naunga mkono mazoezi ya mtandaoni bila kusita. Jibu linalorudi baada ya sekunde chache, mwanafunzi akiwa bado ameshika kalamu, lina thamani ambayo daftari lililorundikwa ofisini haliwezi kuwa nayo.

Jambo hili si geni. Katikati ya miaka ya 1990, maprofesa wawili wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, Michael Gage na Arnold Pizer, walitengeneza mfumo unaoitwa WeBWorK ili wanafunzi wao wafanye mazoezi kupitia intaneti. Waliutoa bure, na vyuo vingine vilipouchukua likatokea jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko programu yenyewe: wahadhiri walianza kuweka maswali yao mahali pamoja. Leo hazina hiyo ya pamoja ina maswali zaidi ya 30,000, yamepangwa kwa somo, kwa sura na kwa sehemu ya sura, kuanzia aljebra ya sekondari hadi hisabati ya mwaka wa pili na wa tatu chuoni. Uingereza nako, Chris Sangwin alianzisha STACK miaka ya 2000 akiwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Mfumo huo unategemea Maxima, programu huria ya aljebra yenye asili yake katika kazi iliyoanza katika chuo cha MIT nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, na unafanya kazi ndani ya Moodle, jukwaa la kujifunzia mtandaoni ambalo vyuo vingi vya Afrika Mashariki tayari vinalo. Hapa kwetu hatuhitaji kusubiri mfano wa mbali. Tangu 2019 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa Kenya, wamekuwa wakitumia STACK kwa madarasa yao makubwa ya hisabati.

Sasa, zoezi linajengwaje kutoka kwenye hazina hizo? Mwalimu anafungua orodha, anachagua sura, tuseme milinganyo ya kipeo cha pili, na maswali yanajipanga mbele yake kama nguo sokoni. Analipenda hili, analiweka kwenye zoezi. Analipenda lile, analiongeza. Anaweka siku ya kufungua, siku ya mwisho ya kujibu, na idadi ya mara ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kujaribu. Dakika kumi zinatosha. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu zoezi la dakika kumi na zoezi la saa mbili yanafanana kwa macho. Yote yana maswali kumi, yote yanasahihishwa na mashine, yote yanatoa alama za kujaza kwenye jedwali. Tofauti anaiona mwanafunzi peke yake, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana namna ya kusema kwamba zoezi limepangwa vibaya. Atadhani yeye ndiye mjinga. Hoja yangu jioni hii ni hiyo: hazina ya pamoja inamwondolea mwalimu kazi ya kutunga na kazi ya kusahihisha, lakini haimwondolei kazi ya kuchagua, na kuchagua huko ni ufundishaji kamili unaostahili muda, utaalamu na malipo kama mhadhara wenyewe.

Nionyeshe kwa mfano, na anayeweza ashike kalamu. Uzuri mkubwa wa mifumo hii ni kwamba swali moja linatoka kwa namna nyingi. Mashine huchagua namba kwa nasibu, kila mwanafunzi akapata za kwake, kwa hiyo jirani hawezi kuazima jibu la jirani. Chukua mlinganyo x² + 5x + 6 = 0. Majibu yake ni −2 na −3, na mwanafunzi anayapata kwa kutafuta vigawo. Tuseme mtunzi ameiruhusu mashine ibadilishe ile namba ya mwisho ipendavyo. Mwanafunzi wa pili anapewa x² + 5x + 7 = 0. Fanya hesabu: 5 mara 5 ni 25, toa 4 mara 7 ambayo ni 28, unabaki na hasi 3. Hakuna namba halisi inayoutosheleza mlinganyo huo. Wa kwanza amemaliza kwa dakika moja, wa pili amekesha, na wote wawili mwalimu anaamini amewapa swali moja. Mtunzi mwangalifu hufanya kinyume: huiacha mashine ichague majibu kwanza, kisha ndiyo iunde mlinganyo kutokana na majibu hayo. Hata hapo lazima azuie majibu mawili yasilingane, la sivyo kuna mwanafunzi atakayeona visanduku viwili vya majibu na kuwa na jibu moja la kujaza. Azuie pia majibu kama 3 na −3, kwa sababu hapo neno la katikati linatoweka na swali linakuwa jepesi kuliko la wenzake. Katika hazina yenye maswali maelfu, yaliyoandikwa na mamia ya watu kwa miaka mingi, yamo yaliyotungwa kwa uangalifu huo na yamo yasiyo nao, na jina la sura halikwambii lipi ni lipi. Unajua kwa kulifungua swali mara tano au sita, kila mara likiwa na namba tofauti, na kulijibu.

Kuna pia suala la namna mashine inavyotambua jibu sahihi, na hapa wengi hushangaa. Mwanafunzi mmoja ameandika (x + 1)², mwingine ameandika x² + 2x + 1. Mwalimu anajua ni kitu kimoja. WeBWorK kwa kawaida hujua kwa njia nyepesi na ya werevu: huweka namba kadhaa za nasibu mahali pa x na kulinganisha matokeo. Weka 2, yote mawili yanatoa 9. Anayeandika x² + 1 anapata 5, basi amekosa. Ukiweka 0 yule aliyekosa naye anapata 1 sawa na wenzake, ndiyo maana mashine haijaribu namba moja ikatosheka. Njia hii ni nzuri, lakini fikiria swali linalosema: fungua mabano ya (x + 1)². Mwanafunzi anayelirudisha swali kama lilivyo, bila kufungua chochote, amejibu kitu chenye thamani ileile, na mashine iliyoambiwa ilinganishe thamani tu itampa alama zote. STACK imewekewa vipimo tofauti, kimoja cha kuuliza kama majibu ni sawa kithamani, kingine cha kuuliza kama jibu limefunguliwa mabano au limewekwa katika vigawo, na mtunzi anaweza kupanga mwanafunzi aambiwe nini kwa kila aina ya kosa. Lakini vipimo hivyo havijiwashi vyenyewe. Mtu aliyekwisha kuamua zoezi lake linapima nini ndiye atakayetambua kwamba swali fulani halilipimi.

Mfano wa karibu zaidi na kwetu ni logi. Mwanafunzi aliyetoka sekondari na majedwali yake ya hisabati anajua log ya 100 ni 2, kwa sababu log aliyofundishwa ni ya msingi 10. Katika vitabu vingi vya hisabati ya juu, na katika programu nyingi za kompyuta, log iliyoandikwa peke yake ni ya msingi e, na log ya 100 inakuwa kama 4.605. WeBWorK ina mpangilio unaoamua ipi itumike. Mwalimu asipouangalia, mwanafunzi aliyefanya sawasawa kila alichofundishwa ataambiwa amekosa, atajaribu tena, ataambiwa amekosa tena, na hatimaye atajifunza jambo baya kuliko yote: kwamba kufikiri kwake hakuaminiki.

Hayo ni makosa yanayoonekana ukiyatafuta. Lipo tatizo la ndani zaidi, na ndilo ninalolipa uzito mkubwa, kwa sababu halitokani na swali bovu bali na mpangilio mzuri wa hazina yenyewe. Nimesema maswali yamepangwa kwa sura. Mpangilio huo unamvuta mwalimu afungue droo moja na kuchota maswali kumi ya aina moja. Mwanafunzi anayejua kwamba maswali yote kumi ni ya kutafuta vigawo hana haja ya kusoma swali. Anarudia hatua zilezile mara kumi, anapata kumi kwa kumi, na anafunga simu akiamini amejua. Kwenye mtihani, ambako hakuna kichwa cha habari kinachomwambia atumie njia ipi, anakwama. Profesa Doug Rohrer wa Chuo Kikuu cha South Florida na wenzake walilichunguza jambo hili katika madarasa 54 ya darasa la saba jimboni Florida, na matokeo yakachapishwa 2020. Wanafunzi wote walifanya maswali yaleyale kwa muda wa miezi kama minne. Kundi moja lilipewa maswali ya aina moja kwa pamoja, kundi jingine likapewa maswali yaliyochanganywa, aina mbalimbali ndani ya zoezi moja. Baadaye walipewa mtihani wa kushtukiza, mwezi mmoja baada ya marudio ya mwisho. Waliochanganyiwa walipata wastani wa asilimia 61, na ambao hawakuchanganyiwa asilimia 38. Maswali yaleyale, msikilizaji. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

Pengo la pointi 23 za asilimia ni kubwa, na linapatikana bila kununua chochote. Lakini mchanganyiko huo ni adimu. Rohrer na wenzake walipohesabu maswali ya mazoezi 13,505 katika vitabu sita vya hisabati vya Marekani, walikuta yaliyochanganywa ni asilimia 9.7 pekee. Kitabu kikishachapwa, mpangilio wake umeganda. Mwalimu hawezi kung'oa swali la ukurasa wa 40 na kulipandikiza ukurasa wa 90 bila usumbufu. Hazina ya mtandaoni haina kizuizi hicho. Mwalimu anaweza kuchukua maswali manne ya wiki hii, matatu ya wiki iliyopita, mawili ya mwezi uliopita, na moja linalodai yote kwa pamoja. Kwangu mimi huo ndio ubora mkuu wa hazina hizi kuliko hata kusahihisha haraka, na inasikitisha sana kwamba ndio unaotumiwa kidogo. Anayechota droo moja ametumia chombo cha kisasa kutoa zoezi lilelile la kitabu cha zamani.

Kuna kuchagua, na kuna pia kutafsiri, kwani maswali mengi ya hazina hizi yameandikwa kwa Kiingereza na kwa maisha ya kule: maili, futi, nyuzi za Fahrenheit, dola na senti. Kubadili dola kuwa shilingi ni rahisi kusema, lakini swali la riba lililotungwa kwa dola 500 na kutoa jibu lenye tarakimu mbili za senti baada ya nukta litaleta jambo la ajabu kwa mtu ambaye hajawahi kulipa kwa senti. Moodle inaruhusu swali moja liwe na maandishi ya lugha kadhaa huku hesabu ya nyuma ikibaki moja, kwa hiyo Kiswahili hakihitaji hazina yake ya kuanzia sifuri. Hata hivyo tafsiri ya maneno haitoshi. Swali linasema basi linaondoka saa 8 asubuhi kwa saa ya Kizungu na kufika saa 3 mchana; safari ni ya saa ngapi? Mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza lazima avuke 12: nne kufikia mchana, tatu baada yake, jumla saba. Liandike sasa kwa Kiswahili sanifu: basi linaondoka saa 2 asubuhi na kufika saa 9 alasiri. Tisa toa mbili, saba. Ugumu wote umeyeyuka. Na kinyume chake, safari ya saa 4 hadi saa 10 ya Kizungu, ambayo ni kutoa tu, kwetu inakuwa saa 10 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, na mwanafunzi wa Kiswahili ndiye anayevuka 12. Basi ni lilelile, barabara ni ileile, lakini swali si lilelile. Mtafsiri asiyefundisha hisabati hawezi kuliona hilo, na mwalimu anayeliona amepata swali zuri la bure: awape wanafunzi safari zote mbili na kuwauliza kwa nini moja ni ngumu kuliko nyingine.

Sasa niwajibu wanaopinga, kwa maana hoja zao zina uzito. Wapo wanaosema mwalimu anayetumia maswali ya wengine hafundishi, anapokea mshahara wa bure. Hoja hii naiona dhaifu kuliko zote. Walimu wetu wametoa zoezi la ukurasa fulani, swali la 1 hadi la 20, kwa miaka yote ambayo tumekuwa na vitabu, na hakuna aliyedai kila mmoja aandike kitabu chake.

Wanaosema wanafunzi wataibia wana hoja nzito zaidi. Tangu 2014 ipo Photomath, programu ya simu iliyotoka Kroatia, inayosoma mlinganyo kwa kamera na kuonyesha hatua zake moja baada ya nyingine, na tangu mwishoni mwa 2022 zimeenea programu za akili mnemba zinazojibu hata swali la maneno. Namba za nasibu zinamzuia mtu kunakili kwa jirani. Hazimzuii kuuliza simu. Sikatai hilo. Ninachosema ni kwamba ugonjwa huu unatibiwa kwenye alama, si kwenye mashine. Zoezi likibeba asilimia 30 ya matokeo ya kozi, umemwalika mwanafunzi aibie. Likibeba asilimia ndogo, na kila baada ya wiki mbili pakawa na jaribio fupi darasani, kalamu na karatasi, lenye maswali matatu yaliyotoka kwenye mazoezi yale yale kwa namba nyingine, anayeuliza simu atajigundua mapema kwamba hajui. Na zile namba tofauti zina faida nyingine isiyotajwa mara nyingi. Marafiki wawili wanaokaa pamoja bwenini, kila mmoja na namba zake, hawana la kupeana isipokuwa njia. Mazungumzo yao lazima yawe ya hisabati.

Hoja iliyo ngumu kuliko zote ni ile isemayo mashine inaona jibu la mwisho na haioni fikra. Hapa nakubaliana na wapinzani kwa sehemu kubwa. STACK inaweza kugundua kosa linalojulikana, kwa mfano aliyesahau alama ya kutoa, na kumwambia. Lakini uthibitisho, maelezo ya kwa nini hatua hii inafuata ile, mchoro uliochorwa kwa mkono na mantiki yake, hivyo havisomwi na kisanduku cha kujaza. Anayefundisha hisabati kwa visanduku peke yake atazalisha watu wanaopata majibu na wasioweza kuyatetea. Ndiyo sababu nataka zile saa 25 tulizozihesabu mwanzoni zisitafsiriwe kuwa likizo. Mashine isahihishe maswali kumi ya mazoezi, na mwalimu achukue swali moja la kuandika kwa mkono, la maelezo kamili, asome walau makaratasi 40 kwa wiki kwa zamu, na ayasome kwa makini, akiandika pembeni.

Nguvu ya mashine na mwalimu kugawana kazi imeonekana. Katika jimbo la Maine nchini Marekani, ambako wanafunzi wa darasa la saba walikuwa na kompyuta za kwenda nazo nyumbani, watafiti walifuatilia shule 43 na wanafunzi 2,850 waliotumia au wasiotumia mfumo wa mazoezi ya mtandaoni uitwao ASSISTments, na ripoti yao ilitoka 2016. Walimu hawakupewa mtaala mpya. Sehemu kubwa ya maswali ilikuwa ya vitabu vyao vya kila siku, ila mwanafunzi aliambiwa papo hapo kama amepata, na mwalimu asubuhi alikuta ripoti ya maswali yaliyowashinda wengi. Shule zilizotumia mfumo zilifanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho, na walionufaika zaidi ni wanafunzi waliokuwa nyuma. Ukisoma jinsi walimu walivyofanya, utaona walirekebisha vipindi vyao: badala ya kupitia zoezi zima ubaoni, walikaa kwenye maswali mawili matatu yaliyowakwamisha watoto. Mashine ilikusanya habari. Mwalimu ndiye aliyeitumia.

Kuhusu bando na umeme sitasema mengi, kwa sababu kila msikilizaji anayajua. Ukurasa wa maswali ya hisabati ni maandishi, hauli data kama video. WeBWorK inamruhusu mwanafunzi kuchapa zoezi lake mwenyewe, lenye namba zake, akalifanya kwenye karatasi kwa siku tatu bila mtandao na kurudi kujaza majibu kwa dakika tano. Zoezi lililofunguliwa kwa wiki nzima linamvumilia aliyekatikiwa umeme. Lililofunguliwa kwa saa mbili za usiku linamwadhibu kwa kosa la shirika la umeme. Kuandika kipeo kwenye simu ni taabu, alama yake imejificha kurasa mbili ndani ya kibodi, kwa hiyo zoezi la kwanza la muhula lisiwe na hisabati ngumu hata kidogo, liwe la kujifunza kuandika tu, na wote wapate alama zote.

Linabaki suala la nani alipe. Kwenye ratiba ya mzigo wa kazi wa mhadhiri huwa kuna saa za kufundisha, saa za semina, na pengine saa za kusimamia utafiti. Saa za kuchagua, kujaribu, kurekebisha na kutafsiri maswali hazina safu yake. Kwa hiyo zinaibwa usiku, au zinaachwa. Nawaambia wakuu wa idara za hisabati, za uhandisi, za uchumi na za elimu: ziandikeni saa hizo. Muhula wa kwanza zitakuwa nyingi, wa pili zitapungua, kwa kuwa zoezi lililojengwa vizuri linatumika tena. Kosa lililogunduliwa Maseno lisimsubiri mwalimu wa Dodoma, wa Makerere au wa Bujumbura alikute upya. Leseni ya hazina ya WeBWorK inaruhusu kunakili na kurekebisha bila kufanya biashara, mradi umtaje mwandishi na uyatoe marekebisho yako kwa masharti yaleyale. Hiyo ina maana tunachokisahihisha sisi kinarudi kuwasaidia hata wa Rochester. Tumekuwa wachotaji, tunaweza kuwa waandishi pia, na lile swali la saa ya Kiswahili ni la kuanzia.

Nawe mwalimu unayenisikiliza, ambaye pengine usiku huu unapanga zoezi la Jumatatu, nakuomba jambo moja. Kabla hujabonyeza kitufe cha kulituma, ingia kama mwanafunzi. Tumia simu, si kompyuta ya ofisini. Jibu maswali yote mwenyewe, hadi la mwisho, kisha badilisha namba na ujibu tena. Swali litakalokukera, liondoe, kwa sababu hapo ulipokereka wewe, watakwama wanafunzi 300.